Mume wangu alirudi kutoka Somalia, lakini usiku bado yuko kule: tuanzie wapi?

Swali: "Mume wangu alikuwa mwanajeshi. Alitumwa Somalia mara mbili, akastaafu mwaka 2019. Sasa ni mlinzi wa mchana na ni mtu mpole. Usiku ni habari nyingine. Anashtuka, anapiga kelele, na wiki iliyopita alinikaba shingo kabla hajaamka. Matatu ikijaa hapandi. Kila Januari hali huwa mbaya zaidi. Zahanati walimpa dawa ya usingizi. Nikitaja hospitali ya akili ya Mathari ananyamaza siku mbili. Anasema akijulikana ni mgonjwa wa akili, pensheni itasimamishwa na kazi itakwenda. Je, serikali ina mpango wowote kwa watu kama yeye? Tuanzie wapi? Na mtoto wetu wa miaka 9 akiniuliza baba ana nini, nimjibuje?" Mke wa mwanajeshi mstaafu, Kahawa West, Nairobi.

Jibu:

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Nitaanza na neno ulilolitaja kwa kupita tu, nalo ni Januari.

Kambi ya jeshi letu ya El Adde, Somalia, ilivamiwa na al-Shabaab alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016. Ile ya Kulbiyow ilivamiwa tarehe 27 Januari 2017. Hukuniambia mumeo alikuwa kambi gani, na si lazima uniambie. Hata askari aliyekuwa mbali na kambi hizo alikuwa na mtu wake pale: aliyelala naye bweni moja Eldoret wakati wa mafunzo, aliyemdai pesa, aliyekwenda badala yake kwa sababu zamu zilibadilishwa. Idadi ya waliokufa El Adde haikutangazwa rasmi wakati ule, kwa hiyo wapo wanaume wengi waliowalilia wenzao bila hata kuambiwa hesabu yao. Wewe Januari unawaza karo na sare za shule. Yeye hata asipoitazama kalenda, kuna kitu ndani yake kinachohesabu siku. Sisi tunaotibu maradhi haya tunaliona jambo hilo kila mwaka, na mara nyingi ndilo linalotujulisha kwamba aliyeketi mbele yetu si mkali wa tabia wala si mtu aliyekosa usingizi hivi hivi. Ana jeraha la vita.

Ugonjwa huo una jina. Kwenye faili wataandika herufi nne, PTSD, na kwa lugha yetu tunaweza kuuita ugonjwa wa kiwewe. Uliingizwa rasmi katika kitabu cha uchunguzi cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, lakini wenyewe ni mkongwe. Wazee wetu wa Keya, kikosi cha Waafrika katika jeshi la Mwingereza, waliorudi kutoka Burma walikuwa nao na hawakuwa na jina la kuupa. Ukipita Kenyatta Avenue utaziona sanamu za askari na mpagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukishuka Kariokor, mtaa wenyewe umebeba jina la kikosi cha wapagazi wale. Nairobi imewakumbuka kwa shaba na kwa jina la soko, lakini usingizi wao hakuna aliyeuulizia.

Dalili tunazitazama kwa mafungu manne. La kwanza ni tukio kujirudia, iwe ndotoni au mchana kweupe. La pili ni kukwepa: matatu iliyojaa, taarifa ya habari ikitaja Somalia, mazishi. La tatu ni moyo kufa ganzi na mtu kujilaumu, kuona kwamba aliyestahili kurudi ni mwenzake. La nne ni mwili kukaa macho kila saa. Atakaa akiuelekea mlango, ataruka geti likibamizwa, na ndege za kijeshi zikipita chini kwa mazoezi ya sikukuu ya Jamhuri atatafuta pa kujificha kabla hajakumbuka yuko wapi. Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja na kuvuruga maisha, hapo tunasema ni ugonjwa. Mumeo amezidi miaka.

Mwambie jambo moja siku akiwa ametulia. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998 hapa mjini, madaktari waliwahoji watu zaidi ya elfu mbili katika miezi ya kwanza, na takriban theluthi yao walikuwa na dalili za kiwewe. Hao walikuwa makarani, wachuuzi na watu waliokuwa wakipita njia, na hakuna aliyewaita waoga. Yeye aliyaona ya namna hiyo kwa miezi mingi mfululizo, akiwa amebeba bunduki na jukumu la uhai wa wengine.

Sasa nijibu tuanzie wapi. Anzeni na sentensi moja: "Nilikuwa mwanajeshi, nilipigana Somalia." Aiseme yeye, au uiseme wewe akiwa kando yako, mbele ya daktari, kabla hamjataja usingizi wala tumbo wala presha.

Ninaisisitiza kwa sababu hakuna atakayekuuliza. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kukutana na fomu ya kliniki ya kawaida ya umma hapa Nairobi inayouliza kama mgonjwa amewahi kutumikia jeshi. Wanauliza umri, ndoa, pombe, sigara, dawa zinazokudhuru. Nilimhudumia mtu mmoja aliyetibiwa vidonda vya tumbo kwa miaka mitatu katika kituo kimoja. Alimezeshwa dawa, akapigwa picha, akakatazwa maharagwe na pilipili. Tumbo lilikuwa linamkata kweli, hakuwa akidanganya. Lakini lilimkata zaidi siku za mwezi mchanga, na hakuna aliyejua kwamba usiku wa giza la namna hiyo ndio lori lililomtangulia lilikanyaga kilipuzi. Nilipomuuliza alikuwa akifanya kazi gani kabla ya hii ya sasa, alinitazama muda mrefu, akasema, "Daktari, wewe ni wa kwanza kuniuliza." Nimeyakumbuka maneno hayo kila nilipomwona mwanafunzi wangu akiharakisha kujaza historia ya mgonjwa.

Wenzetu wamelitatua hili kwa gharama ndogo. Uingereza, mwanajeshi mstaafu huhimizwa kumwambia daktari wake wa mtaani kwamba alitumikia, na jambo hilo huwekwa kwenye rekodi yake. Marekani, hospitali za maveterani humpima kila mmoja kwa maswali mafupi matano ya kiwewe, hata kama amekuja kwa ajili ya goti. Swali kama hilo halihitaji mashine wala jengo jipya. Laiti ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu katika huduma yetu ya umma, ningeliweka swali hilo kwenye fomu ya kila zahanati kuanzia Kahawa West hadi Kibra.

Kuhusu mahali pa kwenda, mlango wa kwanza ni wa jeshi lenyewe. Wanajeshi wastaafu wana mpango wao wa bima ya matibabu, unaojulikana kama DEFMIS, na Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi ya Ulinzi iko hapa hapa Nairobi. Uzuri wake ni kwamba hatahitaji kumweleza mtu maana ya doria au ya kulala kwenye handaki. Ubaya wake ni benchi la kungojea. Wanaume wengi wameniambia wanaogopa kukutana pale na waliokuwa chini ya amri yao. Kama kadi yake iko hai na roho yake inakubali, nendeni huko kwanza. Akikataa, usimshike kwa nguvu. Tiba aliyoikubali mahali pa kawaida itamfaa kuliko tiba bora ambayo hatahudhuria.

Mlango wa pili ni wa raia wote, na ndio ninaodhani mtaanzia. Mjiandikishe kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kama bado. Kwa simu ya kawaida unabonyeza *147#. Mpango huu ulichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Huduma ya msingi katika vituo vya ngazi ya pili na ya tatu, yaani zahanati na vituo vya afya, hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi ukishajiandikisha. Hospitali kubwa hutegemea michango: asilimia 2.75 ya mapato, na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Msisubiri kulazwa ndipo mlipe malimbikizo. Kutoka kituo cha afya ombeni barua ya rufaa ya kwenda kliniki ya afya ya akili, na mhakikishe ile sentensi ya Somalia imeandikwa ndani ya barua. Isipoandikwa, mrudishie daktari kwa heshima, umwombe aiongeze. Rufaa inaweza kuwapeleka Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au Mathari.

Najua jina la mwisho ndilo lililomnyamazisha siku mbili. Mathari ilianzishwa mwaka 1910, enzi za ukoloni, kama mahali pa kuwafungia watu, na sifa hiyo imeshikamana nayo zaidi ya karne. Nairobi nzima mtoto mtundu huambiwa atapelekwa Mathari. Lakini kliniki ya nje ni kitu kingine. Mtu anashuka kwenye matatu ya Thika Road, anaingia, anazungumza, anachukua dawa kama zipo, anarudi kwake kula chakula cha mchana. Halazwi mtu kwa sababu anaota ndoto mbaya. Mwambie hivyo hivyo, bila kupamba. Foleni ni ndefu, kuta zimechoka, na siku nyingine dawa itabidi mnunue nje. Hayo nayo ni kweli, na ni afadhali ayasikie kwako kabla hajayaona.

Wakati mnasubiri tarehe ya kliniki, Shirika la Msalaba Mwekundu lina nambari 1199 ya kupiga bure, nao hutoa ushauri nasaha kwa simu. Wako pia washauri wa makanisani na misikitini, na baadhi yao ni watu wa msaada mkubwa kwa familia. Kwa ugonjwa huu, hata hivyo, muulize mshauri mambo mawili. Je, amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014? Na je, amewahi kutibu kiwewe? Kumwambia askari "samehe na usahau" kunaweza kumfungia mlango ambao ametumia miaka sita kuufikia.

Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu watu wengi hufika mlangoni na kupewa kitu kingine.

Tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa ugonjwa wa kiwewe ni mazungumzo, ila si mazungumzo ya hivi hivi. Kuna tiba ya kukabili kumbukumbu, ambapo mgonjwa hulisimulia tukio lile lile kwa utaratibu, kikao baada ya kikao, kwa kawaida vikao 8 hadi 15, mpaka kumbukumbu ibaki kumbukumbu na iache kuwa jambo linalotokea sasa. Kuna tiba ya kuchambua fikra, ya vikao kama 12, inayoshughulika na sentensi zilizomganda kichwani: "nilipaswa kumvuta," "mimi ndiye niliyempanga kwenye gari lile." Kuna pia tiba ambayo mgonjwa hukumbuka tukio huku macho yakifuata mwendo wa mkono wa mtaalamu. Wengi huishangaa, lakini imepimwa na inasaidia. Zote zina jambo moja linalofanana: mgonjwa hapelekwi mbali na kumbukumbu, bali anaiendea polepole, akiwa na mtu anayejua njia. Ndiyo maana wiki mbili tatu za mwanzo ndoto zinaweza kuongezeka. Wengi huacha tiba hapo hapo, wakidhani imewadhuru. Ukilijua hilo mapema, utamsaidia asiache.

Kwa hiyo mkifika kliniki ulizeni wazi: "Je, mnatoa tiba ya mazungumzo ya kiwewe? Ni nani ataiendesha? Tutaonana kila baada ya siku ngapi?" Jibu likiwa ni kuonana na daktari dakika 10 kila miezi mitatu, hiyo ni huduma ya dawa tu. Ichukueni, lakini ombeni pia jina la mwanasaikolojia au muuguzi wa afya ya akili anayefanya vikao.

Utaambiwa hakuna watu wa kutosha. Ni kweli: madaktari bingwa wa akili ni wachache nchini, na wengi wao wako hapa Nairobi. Lakini siafiki kwamba hilo linamaliza hoja. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watafiti waliwafunza wakimbizi wenyewe, watu wasio madaktari, kutoa tiba ya simulizi kwa Wasomali na Wanyarwanda wenye kiwewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha wagonjwa walipata nafuu ya kweli. Hapa hapa Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwatumia wahudumu wa afya wa kijamii kutoa vikao vitano vya kukabili matatizo kwa wanawake waliopitia ukatili, na msongo wao ulipungua. Kama mhudumu wa mtaani anaweza kufunzwa hivyo, basi sajenti mstaafu aliyepona naye anaweza kufunzwa kukaa na wenzake. Jeshi lina watu hao. Linao kwa mamia, wamekaa nyumbani, na wengi wangefurahi kuitwa tena kwa kazi ya namna hii.

Dawa nazo zina nafasi yake. Zile za kundi la fluoksetini na setralini hupunguza dalili kwa wagonjwa wengi, lakini huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana, na haziachwi siku mtu anapojisikia vizuri. Ile dawa ya usingizi waliyompa zahanati inanitia wasiwasi. Itazame jina. Kama ni diazepamu, ambayo wengi huiita Valium, au ndugu zake, basi si tiba ya ugonjwa huu. Miongozo ya kitabibu haiipendekezi kwa kiwewe, mwili huizoea haraka, na ikichanganywa na pombe inaweza kuzuia pumzi. Lakini kama ameitumia kila siku kwa wiki nyingi, msiikate ghafla. Daktari aipunguze kidogo kidogo. Kuhusu pombe hukusema neno, kwa hiyo nitapita. Ikiwa ipo, itajwe kliniki pamoja na mengine, kwa kuwa huwa inanywewa kama dawa.

Pensheni. Pensheni ya utumishi hulipwa kwa miaka aliyotumikia na cheo alichokuwa nacho. Haipimwi upya kwa hali ya akili yake ya leo. Rekodi ya hospitali ya umma haitumwi kambini wala kwa mwajiri wake. Sheria ya Afya ya 2017 inailinda siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Hata mimi nikikutana na mwajiri wake njiani akaniuliza, sina ruhusa ya kumjibu. Kuna upande ambao wengi hawauoni: uchunguzi ulioandikwa na daktari, wenye tarehe, sahihi na chanzo cha ugonjwa, ni karatasi inayoweza kumfaa siku akitaka kudai haki ya ulemavu uliotokana na utumishi. Asiye na karatasi hana pa kuanzia. Tunza nakala ya kila kitu kwenye bahasha moja, pamoja na barua yake ya kustaafu.

Umeuliza kama serikali ina mpango. Ina sheria, na ina vipande vya mpango. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga liliitaka serikali itangaze maradhi ya akili kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, ikaziwekea kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Mwaka huo huo tulipata Sheria ya Maveterani wa Kijeshi. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Afrika Kusini, sheria yao ya maveterani ya 2011 inautaja ugonjwa huu kwa jina na kuwaahidi ushauri na tiba maalumu, nami nadhani kutaja jina kuna maana, kwa sababu kinachotajwa kinaweza kudaiwa. Kwetu, mstaafu akishatoka langoni mwa kambi huduma haimfuati. Ni yeye anayepaswa kuifuata, tena akiwa mgonjwa wa maradhi ambayo dalili yake mojawapo ni kukwepa. Hilo ndilo kosa kubwa la mfumo wetu, na linasahihishika. Akistaafu apewe siku ile ile jina la kliniki na tarehe ya kwanza, kama anavyopewa karatasi za pensheni. Baada ya miezi sita apigiwe simu. Mkewe naye apigiwe.

Sasa usiku na shingo yako. Mtu akikaba akiwa ndotoni hajui anamkaba nani, nami ninaamini maneno yako kwamba ni mpole. Hata hivyo mkono ni mkono. Kwa sasa laleni vitanda viwili, na mkubaliane hivyo mchana, mkiwa mmetulia, kama sehemu ya tiba. Wengi wa wagonjwa wangu walishusha pumzi wake zao walipopendekeza hivyo, maana walikuwa wakikesha kwa hofu ya kuwaumiza. Akianza kupiga kelele usimguse wala usimwinamie. Simama mlangoni, washa taa, mwite kwa jina alilolizoea nyumbani, umwambie mahali alipo: "Baba fulani, uko nyumbani, uko Kahawa West, mimi niko hapa." Rudia mpaka macho yakuone. Usimuulize ameota nini usiku ule. Mpe maji.

Akikupiga akiwa macho, hilo si jambo la kuvumilia kwa jina la ugonjwa. Ondoka na mtoto. Nambari 1195 ni ya bure kwa waathiriwa wa ukatili wa nyumbani. Na muulize waziwazi, kwa maneno haya haya, kama amewahi kuwaza kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, na hasa akisema kwa njia gani, msingoje tarehe ya kliniki. Nendeni siku hiyo hiyo kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, na uondoe nyumbani dawa za kuulia wadudu na vidonge vya akiba. Zamani watu waliogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha Kanuni ya Adhabu, cha 226, kinapingana na Katiba. Asiogope polisi.

Panga tarehe ya kwanza kabla ya Novemba ikiwezekana. Inachukua wiki kadhaa kuzoeana na mtaalamu, na ningependa Januari ijayo imkute akiwa na mtu wa kumpigia simu. Usiku wa mwaka mpya fataki zikianza, kaeni ndani na redio juu, au mwende ushago siku mbili kabla.

Kuhusu kijana wenu. Usimwambie baba amechoka, kwa sababu yeye anajua si uchovu, na atadhani kuna jambo la aibu. Usimweleze vita. Mwambie hivi: "Baba alifanya kazi mahali pa hatari sana. Mwili wake ulijifunza kukaa macho ili asiumie. Amerudi, lakini usiku mwili unasahau kwamba amerudi. Si kosa lako na si kosa lake. Anaenda kwa daktari. Akipiga kelele usiku, usije chumbani, niite mimi." Atauliza tena, pengine akifunga kamba za viatu au akinywa chai. Mjibu vile vile, kwa maneno yale yale. Na siku baba mwenyewe akiwa tayari, mwache amwambie mwanawe ile sentensi aliyomwambia daktari: nilikuwa mwanajeshi, nilipigana Somalia. Wewe kaa hapo karibu, umenyamaza.